Darasa la Wake za Watu

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye kizingiti cha shule, chini ya mabati mapya yanayong'aa mpaka kunguru walikuwa hawajaamua kama watue au wapite. Bwana Yohana alikuwa ametoka kunipa habari kwamba Bibi wa Kizungu aliyetuletea mabati hayo angepanda mlima Jumatatu kuja kuwaona wasichana wangu.

Kwa aliyekosa gazeti, au ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalimaliza, nasimulia kwa ufupi. Mimi ni Mwalimu Alois, mwalimu wa pekee wa shule ya Kimbwala, juu ya Kinole, huko ambako ukifika magoti yanakutukana. Huko Ulaya kwenye baridi kuna chama kiitwacho Marafiki wa Mtoto wa Mbali. Kinakusanya sadaka makanisani, kinanunua mabati na madawati, kinapelekea shule za watu maskini kama sisi. Sharti lao ni moja tu: shule iwe na wasichana.

Bwana Yohana, mwangalizi wa shule za misheni, aliponiuliza mbele ya walimu wenzangu kama ninao, niliona wenzangu wanavyokenua meno. Nikasema, "Wamejaa, Bwana. Wengine wanakaa chini."

Basi mabati yakaja. Wasichana hawakuja.

Na msidhani sikuwaita. Wadogo walikuwa mashambani wanafukuza ndege kwenye mpunga. Wakubwa walikuwa ndani. Kwetu Uluguruni msichana akivunja ungo anawekwa ndani, haonwi na jua wala na mwalimu, mpaka siku ukoo utakapomtoa kwa ngoma. Darasani kwangu nilikuwa na wavulana watupu, na mbuzi mmoja aliyependa kivuli.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mkwe mwenye akili hafanyi. Nikaenda kwa mjomba wa mke wangu kuomba kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini leo?"

Mzee Agustino ndiye mkubwa wa ukoo wa mke wangu. Ardhi yote ya Kimbwala unayoiona ni ya akina mama wa ukoo ule, na yeye ndiye msemaji wao. Hata mihogo niliyokuwa nakula ilikuwa yake kwa namna fulani, na alipenda nikumbuke hivyo ninapotafuna.

"Naomba wanawali watoke kwa asubuhi moja tu, mjomba. Wakae darasani, mgeni awaone, warudi ndani."



"Kuku anaatamia, wewe unataka kumwinua ili mgeni aone mayai?"

"Tusipokuwa na wasichana mabati yatang'olewa, mjomba. Watayapeleka kwenye shule nyingine. Na shule hii wataifunga."

"Wayang'oe. Kwani yaliota hapa?" Akachukua ugoro wake, akavuta taratibu, akapiga chafya. "Hata wewe hukuota hapa."

Hilo nililijua bila kuambiwa. Mume anayehamia kwa mkewe huku kwetu ni mgeni mwenye jembe. Shule ikifungwa, kazi sina, shamba sina, narudi kwa mama yangu upande wa Ngerengere na sanduku langu kichwani, na watu wote njiani watajua kwa nini.

Nilimkuta mke wangu Modesta jikoni anamenya magimbi. Mtoto wetu Kristina, aliyekuwa ameachishwa ziwa mwezi ule, alikuwa anakula maganda.

"Amekataa?" akaniuliza.

"Amekataa, na tusi juu."

"Tusi gani?"

"Ameniita mgeni."

"Hilo si tusi, Baba Kristina. Hiyo ni anwani yako."

Nikakaa chini. Nikamwambia kila kitu, mabati, Bibi, Ngerengere, sanduku. Modesta akaendelea kumenya.

"Huyo Bibi amewahi kumwona msichana wa Kiluguru?"

"Hajawahi kumwona hata mmoja."

"Sasa taabu iko wapi? Mimi si msichana? Furaha wa hapo jirani si msichana? Shamsia je?"

"Mama Kristina! Shamsia ana mimba inayoingia mlangoni kwanza, yeye anafuata baadaye!"

"Atakaa nyuma."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilipofuta machozi nikaona mwenzangu hacheki.

"Mimi nilikuwa darasa la pili," akasema. "Kulikuwa na kitabu. Nilikuwa nimefika ukurasa wenye picha ya treni, inatoka stesheni, watu wanapunga mikono. Siku hiyo nikavunja ungo. Wakaniweka ndani. Siku ya kunitoa nje, nikakukuta wewe umekaa na wazee, umevaa koti la kuazima. Ile treni mpaka leo sijui ilikwenda wapi."

"Ilikwenda Dodoma," nikasema kwa mzaha.

Akaweka kisu chini.

"Umeona? Unajua. Na miaka yote hii hukuniambia."

Nikakubali mpango wake. Kweli ni kwamba sikuwa na mwingine.

Basi jamani, juma lile nilifundisha darasa ambalo sitalisahau. Alasiri, wakitoka shamba, wake za watu walikuja shuleni mmoja mmoja na majembe yao, wakaegemeza majembe ukutani, wakajibana kwenye madawati ya watoto. Wengine makalio yaliingia, kutoka ikawa kazi ya kuvutana.

Niliwafundisha kusimama mgeni akiingia. Nikawafundisha kunyoosha mkono kabla ya kusema. Hapo ndipo tulipogombana.

"Ninyooshe mkono niseme na wewe?" Furaha akaniuliza. "Juzi si nilikusema kisimani kuhusu mbuzi wako, nilinyoosha mkono?"

"Hapa ni darasani, Furaha."

"Na mbuzi wako yule pale darasani."

Shamsia alikuwa mtulivu. Nikamsifu kwa utulivu wake, mpaka nilipogundua chaki zangu zinapungua. Mnajua wenye mimba na udongo. Mwenzenu alikuwa amekaa nyuma anatafuna chaki kimyakimya, midomo myeupe, anatazama ubao kwa makini kabisa. Nikamwambia aache. Akasema ni mtoto ndiye anayetaka.

Modesta alikaa mbele. Yeye hakubishana na mtu. Nilipowaruhusu wenzake waende kupika, yeye alibaki na kitabu cha darasa la kwanza, kidole chini ya maneno, midomo inacheza. Nilikuwa namsubiri mlangoni tumbo linanguruma. Sikumharakisha, na sikujiuliza kwa nini.

Kosa langu kubwa nililifanya Jumapili baada ya misa. Nilikwenda kwa Stambuli.

Stambuli ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu babu na bibi, na msomaji ambaye kwao hakuna watani nampa pole, au hongera, sijui. Mtani anaweza kukuvua kofia hadharani akaondoka nayo. Anaweza kuja msibani kwako akamtukana marehemu. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Na huyu wangu alikuwa na sumu ya ziada: alipigana vita vya Wajapani kule Bama, yaani Burma, akarudi na Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha jikoni na matusi, lakini Mzungu alikuwa anakielewa.

Nikamkuta anapanga mananasi kwenye matenga.

"Mtani," nikasema, "nakuomba kwa Mungu. Kesho nenda mjini ukauze."

"Kesho kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akaangalia mananasi yake. Akaniangalia. Uso wake ukafunguka taratibu, jamani, kwa furaha isiyo na mfano.

"Nilikuwa nimeshapanga safari ya mjini kesho," akasema. "Sasa siendi."

Nani aliniambia nikambembeleze mtani? Ningenyamaza, angekuwa Morogoro saa hiyo anagombana na wanunuzi.

Jumatatu wakafika, asubuhi jua limepanda. Bwana Yohana mbele, suruali imejaa tope mpaka magotini. Nyuma yake Bibi Ingeborg, mrefu, mwekundu kwa jua na kwa mlima, ana kofia kubwa na miwani. Wapagazi walitaka kumbeba tangu Kinole akakataa. Alipofika mlangoni alimpa mkono kila mtu, pamoja na mbuzi kwa bahati mbaya, akaomba maji, akanywa kibuyu kizima.

Nilikuwa nimeomba awe mtu mbaya, niweze kumdanganya kwa raha. Hakuwa mbaya hata kidogo. Aliyaangalia mabati akatokwa na machozi. Akasema, Bwana Yohana akatafsiri, kwamba kwao wajane wazee walifuma soksi wakauza ili yale mabati yapatikane. Nikajiona mchafu kuliko suruali ya Bwana Yohana.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafungua mlango wa darasa.

Wakasimama wote kwa pamoja. Nywele zimekatwa fupi, magauni ya amerikani yameshonwa kwa mkono, vifua vimefungwa kwa vitambaa. Wakaimba: "Shikamoo, Bibi! Karibu, Bibi!" Nilitaka kuwabusu.

Mzee Agustino na wazee wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi ukutani, eti wazazi. Watoto wachanga wote walikuwa nyuma ya shule na mama mkwe wangu, Mama Bernadeta, ambaye niliapishwa mbele yake kwamba jambo hili litakwisha kabla hajachoka.

Mambo yakaenda vizuri kwa muda wa kupika chai. Kisha kule nyuma mtoto mmoja akalia.

Ninyi akina mama mnajua. Kilio ni kimoja, lakini maziwa hayajui mtoto ni wa nani. Furaha akajikunja. Gauni lake likaanza kulowa kifuani, duara mbili, zinakua.

Bibi Ingeborg akauliza kitu. Bwana Yohana akatafsiri: "Anauliza kwa nini huyu binti amelowa."

"Jasho, Bwana. Wanasoma kwa bidii sana."

"Na yule wa nyuma? Mbona tumbo lake ni kubwa?"

Nikageuka. Shamsia alikuwa anatafuna chaki mbele ya macho ya Ulaya nzima.

"Minyoo," nikasema. "Ndiyo inayomlisha chaki."

Bibi akashika mashavu yake kwa huruma. Akamwambia Bwana Yohana kwamba akirudi kwao ataanza mchango mwingine, wa dawa ya minyoo, ya pipa zima. Shamsia akameza.

Hapo dirishani kikatokea kichwa, na juu yake kofia ya jeshi.

"Memsahib!" Stambuli akaita kwa Kiingereza chake cha Bama. "Usikubali kudanganywa! Hawa wote ni wake za watu! Huyo wa mbele ni mke wa mwalimu mwenyewe, nimekula pilau ya arusi yao, na pilau ilikuwa haina nyama!"

Bwana Yohana akanigeukia, kope hazipigi.

Nawaambia, shetani ana huruma zake. Neno likanijia.

"Ni mtani wangu huyo, Bwana," nikasema. "Mtani wa ukoo. Tangu juzi ananiandama."

Mabega ya Bwana Yohana yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika dawati. Akamweleza Bibi kwa Kiingereza kirefu, mimi nikidaka neno hapa na neno pale. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe siku ya kumzika baba yake, mtani wao aliingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Bibi macho yalimtoka kwa furaha. Akatoa kalamu akaandika.

"Kwa hiyo anayosema yote ni uongo?" Bibi akaniuliza kupitia Bwana Yohana.

"Yote, Bibi. Akikuambia mvua inakuja, wewe anika nguo."

"Yule wa nyuma ana mimba ya kujifungua leo au kesho!" Stambuli akapiga kelele.

Bibi Ingeborg akapiga makofi.

"Watoto wao wako nyuma ya shule! Nenda ukaangalie!"

Bibi akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. Hata wazee ukutani walicheka. Nilicheka pia, nikamwangalia mtani wangu machoni. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimemweza.

Nilikuwa mjinga. Ngojeni.

Bibi akatoa kitabu kwenye mfuko wake, kitabu cha kusomea cha watoto, kipya. Akakifungua popote, akamwekea Modesta mbele. Nikachungulia juu ya bega lake. Kulikuwa na picha ya treni inatoka stesheni.

Modesta hakuiangalia picha. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Alisoma polepole, alijikwaa, akarudi, akaendelea. Hakuna aliyekohoa. Hata Stambuli alikuwa ameweka kidevu dirishani anasikiliza. Alipofika chini ya ukurasa, bila kuambiwa na mtu, mke wangu akafungua ukurasa wa pili, akaendelea kusoma mpaka treni ikafika.

Haikwenda Dodoma. Ilikwenda Tabora.

Akaniangalia. Sijui kama alitaka kucheka au kunipiga.

"Muulize," Bibi akamwambia Bwana Yohana, "anataka nini katika maisha yake."

Modesta akasimama, mikono ubavuni, vizuri kabisa nilivyomfundisha.

"Nataka kukimaliza hiki," akasema. "Halafu nipewe kingine."

Bibi Ingeborg akasema maneno mengi sasa, haraka, mkono kifuani. Bwana Yohana akatafsiri. Chama chao kina nafasi ya msichana mmoja kwa shule za milimani zote. Shule ya bweni ya masista, kule bondeni. Chakula, nguo, vitabu, yote juu ya wale wajane wa soksi. Akimaliza atasomea ualimu. Bibi hana haja ya kuangalia shule nyingine. Nafasi ni ya binti huyu. Lori liko Kinole, na kama wazazi wanakubali, wanashuka naye leo hii.

"Haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini, mwalimu?"

Kwa nini? Nani atapika, nani atalima, nani atanichekesha? Na bila yeye mimi Kimbwala ni nani? Yote hayo yalinijia kwa pamoja mdomoni, yakasongamana, likatoka moja tu, lile la kweli.

"Bwana, huyu ni mke wangu."

Bwana Yohana akaninyooshea kidole, akaangua kicheko.

"Kumbe hata na wewe ni mtani!"

"Sifanyi utani, Bwana! Ni mke wangu wa ndoa!"

Akamtafsiria Bibi huku anajikunja. Bibi naye akacheka, akanipigapiga begani, akaandika tena. Nikageuka dirishani.

"Stambuli! Ndugu yangu! Waambie!"

Stambuli akavua kofia ya jeshi. Akaishika kifuani kwa heshima kubwa.

"Niwaambie nini tena, mtani? Si umeshawaambia kwamba nisemayo yote ni uongo?" Akamgeukia Bibi. "Memsahib, huyu mwalimu hajaoa. Angemwoa nani, na sura ile?"

Nilitamani ardhi ya akina mama wa Kimbwala ipasuke inimeze. Haikunitaka, kama kawaida yake.

"Baba wa binti yupo?" Bwana Yohana akauliza, akiwaangalia wazee.

Mzee Agustino akainuka kutoka kwenye benchi. Akakung'uta ugoro kwenye kanzu yake.

"Kwetu baba si kitu," akasema. "Mimi ndiye mjomba wake. Nimekubali. Aende."

"Mjomba!" nikasema.

Akanijia karibu, akaninong'oneza, na harufu ya ugoro ikaniingia machoni.

"Elimu yake itabaki kwenye ukoo, mwanangu. Yako wewe itarudi Ngerengere."

Hapo nikawa nimebakiwa na Modesta peke yake. Nikamtazama. Kama angetikisa kichwa, kama angesema neno moja tu, mimi mume wake, mchezo wote ungekwisha na yeye angebaki. Mabati yangekwenda. Kazi yangu ingekwenda. Lakini angebaki.

Hakutikisa kichwa. Alikuwa amekumbatia kile kitabu, anaangalia chini. Kisha akainua macho kwangu. Ndugu zangu, sijawahi kuombwa namna ile. Tangu nimwoe, mwanamke huyu hajaniomba kitu. Kanga alijinunulia kwa ndizi zake. Chumvi aliazima kwa mama yake. Leo alikuwa ananiomba, bila kufungua mdomo, nimwache aende akajue treni nyingine zinakwenda wapi.

Nikasema moyoni, Alois, nyamaza. Kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza.

Nikanyamaza.

Na ni wakati huo huo mama mkwe wangu alipochoka.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Kristina, miguu wazi, pua inatiririka, ganda la ndizi mkononi. Akapita katikati ya madawati na ile miguu yake isiyoamini sakafu. Wake za watu wote wakaangalia juu, kwenye mabati. Akanifikia mimi, akakumbatia mguu wa suruali yangu, akafutia pua hapo.

"Mwalimu," Bwana Yohana akasema, bado anatabasamu, "mtoto wa nani huyu?"

Modesta alikuwa hapumui.

Nikainama, nikamwinua mwanangu. Alikuwa na joto, ananuka moshi na ndizi. Nikafikiri, nikimkana leo, Mungu ataniandikia. Nikimkubali, mama yake atakaa jikoni anamenya magimbi mpaka azeeke, na kila akiniangalia ataiona treni.

"Ni mjukuu wa yule bibi pale nje," nikasema. Na si kweli?

"Ah," akasema Bwana Yohana. Akamtafsiria Bibi. Bibi akamshika Kristina kidevu, akasema ni mtoto mzuri. Nikaona kifua cha Modesta kinashuka, pumzi inamtoka. Machozi yalikuwa yananichoma, lakini nilikuwa nacheka nayo. Yamekwisha. Anakwenda.

Kristina akachoka na mimi. Akajigeuza mikononi mwangu, akamwona aliye mbele kwenye dawati, akamnyooshea mikono yote miwili, na ganda la ndizi likaanguka.

"Mama!" akaita.

Mikono ya Modesta ikainuka yenyewe. Akaishusha haraka, lakini ilikuwa imeshainuka, na kile kitabu kilikuwa chini sakafuni.

Bibi Ingeborg hajui Kiswahili. Neno lile halikuhitaji kutafsiriwa. Akamwangalia Modesta. Akaliangalia gauni la Furaha. Akaliangalia tumbo la Shamsia kwa muda mrefu. Mwisho akaiangalia kofia ya jeshi pale dirishani, na mwenye kofia, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza kiasi kile.

Akasema kitu kwa sauti ya chini. Bwana Yohana alikuwa hacheki tena. Alitafsiri neno kwa neno, ananitazama mimi.

"Anauliza, mwalimu, katika yote aliyoyasema huyu mtani wako tangu asubuhi, ni lipi hasa lililokuwa uongo?"

Lilikuwapo moja tu, wasomaji wangu, na mnalijua: eti mwalimu hajaoa. Modesta naye alilijua. Alikuwa ameshainama kuokota kitabu, na sasa akasimama polepole, akanyoosha mkono juu, vizuri kabisa, kama mwanafunzi anayetaka kusema.